Tiketi mkononi, gonjwa mjini: twende uwanjani au tubaki?



Jumapili ya tarehe 8 Machi, mwaka 2020, Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam, ambao tangu Julai ya mwaka huohuo unaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, ulifurika watu. Watani wa jadi walikuwa wanakutana. Yanga iliifunga Simba 1-0 kwa mpira wa adhabu uliopigwa na Bernard Morrison, na nusu ya jiji haikulala usiku ule. Siku 8 baadaye, tarehe 16 Machi, Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini. Kesho yake michezo ikasimamishwa.

Mimi nilikuwapo uwanjani. Nilipiga kelele hadi sauti, ambayo ndiyo mtaji wangu, ikakauka. Niliporudi nyumbani nilimkuta mama yangu, mzee mwenye kisukari, ananisubiri tule. Tulikula sinia moja. Namshukuru Mungu hakuna aliyeugua. Lakini habari ya mgonjwa wa kwanza ilipotoka, niliketi kitandani nikahesabu siku kwa vidole. Wakati nanunua tiketi nilijiuliza mambo mengi: nani ataanza, nitakaa jukwaa gani, nitapata daladala ya kurudi saa ngapi. La mama sikujiuliza hata kidogo.

Ndiyo maana leo napenda tulizungumze jambo hili wakati tumetulia, kabla gonjwa jingine halijatukuta na tiketi mkononi. Tarehe 5 Mei, 2023, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya Korona imekwisha. Ugonjwa wenyewe bado upo, na magonjwa ya mlipuko hayana kawaida ya kupiga hodi.

Tuanze na yaliyowakuta wenzetu. Tarehe 19 Februari, 2020, timu ya Atalanta ya mji wa Bergamo, Italia, ilicheza na Valencia ya Hispania. Mechi ilipelekwa kwenye uwanja wa San Siro mjini Milan, na zaidi ya watu 40,000 walihudhuria, wengi wao wakisafiri kutoka Bergamo kwa mabasi, treni na magari. Atalanta ilishinda 4-1, na watu wakakumbatiana mara nne. Siku mbili hazikupita, Italia ikagundua kwamba virusi vilikuwa vimeshaanza kuzunguka kimyakimya katika eneo lile la kaskazini. Mwezi Machi, Bergamo ukawa mmoja wa miji iliyoumia kuliko yote barani Ulaya. Nao Valencia walitangaza kwamba takriban asilimia 35 ya watu wa klabu waliopimwa wameambukizwa. Haitakuwa haki kuitwika mechi moja mzigo wote wa janga lile. Hata hivyo, ukiyachanganya maelfu ya watu wakati ugonjwa umeshaingia mjini na hakuna anayejua, unausaidia kutembea.

Tarehe 11 Machi, siku ileile ambayo Shirika la Afya Duniani liliita Korona janga la dunia, Liverpool iliikaribisha Atlético Madrid mbele ya watu zaidi ya 52,000. Miongoni mwao walikuwapo mashabiki wapatao 3,000 kutoka Hispania, nchi ambayo tayari ilikuwa imeamua mechi zake zichezwe bila watazamaji. Kwao walikuwa wamefungiwa mlango, ugenini wakakaribishwa. Tujifunze hapo kwamba kuuziwa tiketi si uthibitisho wa usalama. Muuza tiketi ana hesabu zake, nawe huna budi kuwa na zako.

Sasa tufanye hesabu hizo. Tuseme katika mji wako mtu 1 kati ya 1,000 ana maambukizi. Uwanja wenye watu 60,000 utakuwa na wenye maambukizi kama 60. Lakini wewe hukai na watu 60,000. Unakaa karibu na watu 50 hivi, ukijumlisha na wa foleni. Uwezekano kwamba angalau mmoja wao ana maambukizi ni kama 5 kati ya 100. Ugonjwa ukiongezeka hadi kufikia mtu 1 kati ya 100, uwezekano huo unapanda hadi karibu 40 kati ya 100. Uwanja ni uleule na kiti ni kilekile, ila hatari imeongezeka mara nane. Kwa hiyo swali la kwanza la shabiki si ukubwa wa uwanja. Aulize: ugonjwa umeenea kiasi gani mtaani wiki hii?

Msikilizaji ataniambia, hizo takwimu nitazipata wapi? Ana haki ya kuuliza. Sisi wenyewe, baada ya tarehe 29 Aprili, 2020, tulikaa zaidi ya mwaka mmoja bila takwimu za kila mara. Ligi ilirejea Juni 2020, mashabiki wakaingia, na kila mtu akaamua kwa kubahatisha. Pasipo takwimu, tazama dalili. Je, mtaani kuna homa na vikohozi visivyo vya kawaida? Je, wauguzi unaowafahamu wanasema wodi zimejaa? Je, matanga yameongezeka? Ukiona hayo, usingoje tangazo.

Swali la pili: ugonjwa huu unasafiri kwa njia gani? Korona husafiri kwa pumzi, na mtu anayepiga kelele au kuimba hutoa chembechembe nyingi kuliko anayezungumza taratibu. Mbaya zaidi, mwenye virusi anaweza kuambukiza siku moja au mbili kabla hajajisikia vibaya. Kipindupindu ni habari nyingine: hicho huja na maji, chakula na mikono michafu, kwa hiyo pale uwanjani cha kutazama ni vyoo, maji ya kunawa na sambusa unayouziwa. Kinga ya ugonjwa mmoja haifai kila ugonjwa.

Swali la tatu ndilo wengi tunalisahau: nitafikaje, na baada ya filimbi ya mwisho nitakwenda wapi? Mwaka 2021, wakati wa mashindano ya Ulaya, idara ya afya ya Scotland ilihesabu wagonjwa 1,991 waliokuwa wamehudhuria mikusanyiko iliyohusiana na mashindano hayo. Kati yao 1,294 walikuwa wamesafiri kwenda London, timu yao ilipocheza na England. Walioingia uwanjani Wembley ni 397 tu. Takwimu hizo hazituambii kila mmoja aliambukizwa wapi hasa, lakini zinatufumbua macho. Safari, baa na sebule za marafiki vimo ndani ya mechi. Jukwaa la wazi lenye upepo lina nafuu kuliko daladala iliyofungwa madirisha kwa sababu ya mvua, na kuliko banda la kuonyeshea mpira lenye watu mia na feni moja mbovu.

Hata kufunga milango hakutoshi. Machi 2020, Paris Saint-Germain ilicheza na Borussia Dortmund bila watazamaji, na maelfu ya mashabiki wakajazana nje ya uwanja kushangilia.

Aidha, tusisahau Cameroon. Katika fainali za Afrika zilizochezwa Januari na Februari 2022, watazamaji walitakiwa kuonyesha cheti cha chanjo na cha kupimwa. Ndugu zetu wa Komoro walilazimika kumweka beki Chaker Alhadhur golini, kwa kuwa makipa wao walikuwa ama wameumia ama wamekutwa na Korona. Alidaka kishujaa, wakafungwa 2-1 tu na wenyeji. Lakini usiku uleule wa tarehe 24 Januari, watu 8 walikufa kwa kukanyagana kwenye lango la uwanja wa Olembe. Shabiki anayeogopa virusi asisahau kwamba na lango linaua. Fika mapema, na ukiona msukumano, rudi nyuma.

Sisemi watu wasiende mpirani. Mama anayeuza maji ya chupa langoni na kijana anayeuza jezi wanakula kwa mechi hizo, na furaha nayo ni sehemu ya afya. Ninachosema ni kwamba uamuzi huu hauishii kwako. Kijana mwenye nguvu anaweza kuugua mafua ya siku tatu akayasahau, halafu babu yake akalazwa. Kama nyumbani kuna mzee, mwenye kisukari au mwenye ugonjwa wa moyo, muulize kabla hujanunua tiketi. Kama umeamka na kikohozi, baki nyumbani, hata kama tiketi ni ya jukwaa kuu. Kama umekwenda, pitisha siku kadhaa bila kumkaribia mgonjwa, na dalili ikijitokeza, nenda ukapimwe.

Mwaka 2023, Shirikisho la Soka Afrika liliipa Tanzania, pamoja na Kenya na Uganda, uenyeji wa fainali za mwaka 2027. Ni heshima kubwa, na ni mikusanyiko mikubwa kuliko tuliyoizoea. Wakubwa watapanga mageti na vipimo. Sisi nasi tupange ya nyumbani kwetu.

Mama yangu yungali hai, na bado ananiuliza matokeo. Siku hizi, kabla sijatoka, namuuliza yeye kwanza: "Mama, leo niende?" Mara nyingi hucheka akasema, "Nenda, mwanangu, ila usinirudishie kikohozi." Kuna siku alisema hapana, nikavua jezi, tukasikiliza mpira pamoja redioni.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.