Makovu Yaliyofufuka

Nilikuwa na miaka sita sufuria ya uji ilipopinduka jikoni kwa bibi. Uji wa moto hautelezi kama maji, unang'ang'ania ngozi. Tangu siku ile mkono wangu wa kushoto, kutoka kiwiko hadi kiganja, una kovu lisiloota laika wala kutoa jasho. Kwa miaka mingi nilivaa mikono mirefu kanisani hata kwenye joto la Februari. Niliamini kwamba siku ya ufufuo nitapewa ngozi mpya, na hapo ndipo nitakapokunja mikono ya shati.

Imani hiyo iliyumbishwa na sura ya 20 ya Injili ya Yohana. Yesu anaingia walipo wanafunzi milango ikiwa imefungwa. Mwili wake umeshinda kaburi, kuta haziuzuii, lakini alama za misumari ziko palepale. Akishawasalimu tu, anawaonyesha mikono na ubavu, na wao wanapoona ndipo wanapofurahi. Siku nane baadaye anamkaribisha Tomaso aguse. Tumezoea kumsema Tomaso kwa shaka yake, tukasahau alichokitaka. Hakudai kuona uso unaong'aa. Alidai kuona majeraha, kwa sababu Bwana asiye na majeraha asingekuwa yule aliyesulubiwa. Mungu aliyemtoa mtu kaburini asingeshindwa kuzifuta alama za misumari. Aliziacha.

Paulo naye alikuwa na zake. Kwa Wakorinto anazihesabu: viboko 39 mara tano, fimbo mara tatu, mawe mara moja. Anapowaandikia Wagalatia anasema amebeba mwilini chapa za Yesu, kwa neno la Kigiriki lililotumika kwa alama walizotiwa watumwa. Kilichokuwa aibu yeye alikifanya kitambulisho.

Karibu na zama zetu yuko Padri Michael Lapsley, Mwanglikana mzaliwa wa New Zealand aliyepinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Aprili 1990, akiwa Harare, alifungua kifurushi chenye magazeti ya dini. Bomu lililofichwa humo lilimkata mikono yote miwili na kumpofua jicho moja. Mahali pa mikono sasa pana vyuma. Mwaka 1998 alianzisha mjini Cape Town taasisi ya kuponya kumbukumbu, ambako walioumizwa huketi pamoja na kusimuliana yaliyowapata. Mwanzilishi wao hana haja ya kujieleza kwanza. Mikono yake imeshasema.

Sisemi kwamba Mungu alilitaka bomu lile, wala kwamba ndiye aliyeipindua sufuria ya bibi. Msalaba ulikuwa dhuluma, na Pasaka haikuufanya kuwa haki. Wahenga walionya: mwenye kovu usidhani kapoa. Kwenye mabenchi yetu wamo waliochanwa na ajali za bodaboda, waliopasuliwa matiti, waliopigwa na waume zao, na wengine bado usiku hawapati usingizi. Kumwambia mtu kama huyo ashukuru kwa kovu lake ni kumchoma upya. Anachohitaji ni kile Tomaso na wenzake walichopata katika chumba kile: mahali ambapo jeraha linaonyeshwa na hakuna anayegeuza uso.

Jumapili iliyopita nilikwenda kanisani na shati la mikono mifupi. Wakati wa kutakiana amani, binti mdogo wa benchi la mbele aligeuka kunipa mkono, macho yakanasa kwenye kovu.

"Shikamoo. Linauma?"

"Marahaba. Liliuma sana. Sasa haliumi."

Akapitisha kidole juu yake, taratibu, kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Kisha akapandisha gauni kidogo, akanionyesha la kwake, gotini.