Nani Huunda Kampaundi? Kuvu Waishio Ndani ya Mimea na Mfano wa Msitu wa Pande

Uvaria pandensis, mmea wa familia ya mstafeli, umepewa jina la Msitu wa Pande, ulioko pembezoni mwa Dar es Salaam katika eneo lililokuwa la Wilaya ya Kinondoni. Mwaka 1987 Mayunga Nkunya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walichapisha taarifa ya kampaundi mbili za mmea huo, mojawapo ikiwa 3-farnesilindoli. Kwa desturi ya wakati huo, kampaundi iliyopatikana katika mmea ilihesabiwa kuwa ya mmea.

Desturi hiyo sasa inahitaji uthibitisho. Ndani ya majani, magome na mizizi huishi kuvu na bakteria wasiouletea mmea ugonjwa, nao huunda kemikali zao wenyewe. Hivyo dondoo ya gome lililosagwa ni ya mmea pamoja na wakazi wake. Mwaka 2010 ziamisini, kampaundi yenye indoli na seskwiterpeni iliyoonesha uwezo wa kuzuia VVU katika maabara, ilielezwa kutoka kwa bakteria aliyeishi ndani ya msinzi (Bruguiera gymnorrhiza), mkoko unaoota pia katika mwambao wa Tanzania. Mfano huo hauthibitishi lolote kuhusu Pande, ila unalihalalisha swali.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Mwaka 1993 kuvu Taxomyces andreanae wa Marekani alitangazwa kuwa huunda paklitakseli, dawa ya saratani, ingawa kwa kiasi kidogo mno. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 haukupata ushahidi kwamba huiunda mwenyewe.

Kwa hiyo kuikuta kampaundi katika chupa ya maabara hakutoshi. Baada ya jani kuoshwa kwa ethanoli na hipokloriti, maji ya suuzo la mwisho hupandwa kwenye agari; kitu kikiota, kuvu waliopatikana huenda walitoka juu ya jani. Kuvu huoteshwa upya kwa vizazi kadhaa, ili masalia ya mmea yaishe, kisha jeni za uundaji hutafutwa. Uwezo wa kuua vimelea nao hauna maana kubwa usipolinganishwa na sumu kwa seli za binadamu.

Jibu lina uzito kwa msitu wenyewe. Kampaundi ya kuvu huweza kuzalishwa juu ya mchele katika chupa. Ya mmea hudai magome na mizizi kutoka msitu mdogo unaokaribiwa na makazi.