Lori linasubiri, kompyuta imezima: Kadi ya picha inavyokwamisha mzigo mpakani

Busia na Malaba, lori haliondoki kwa sababu dereva aliamka alfajiri. Linaondoka tamko la forodha likishakubaliwa, na tamko hilo huandikwa kwenye kompyuta ya wakala, ambayo si ajabu ikawa mtumba wa miaka minane uliowekwa karibu na dirisha linalotazama barabara. Skrini ikipiga mistari ya rangi, ikaganda, kisha ikageuka buluu, mzigo wa mtu unabaki yadini na gharama za kusubiri zinaanza kuhesabiwa.

Zamani kompyuta haikuwa na nguvu hiyo. Ilianza kuipata Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoanza kutumika mwaka 2014, ambapo mzigo wa Uganda hutolewa tamko na kulipiwa kodi ukiwa bado Mombasa. Uganda hutumia mfumo wa ASYCUDA World, Kenya iCMS. Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, ili msafiri na mzigo wakaguliwe mara moja badala ya mbili. Malaba, ambayo upande wa Uganda imo katika Wilaya ya Tororo, ina kituo cha namna hiyo hiyo. Karatasi zilipungua, na kila karatasi iliyoondoka mezani ilihamia kwenye skrini.

Mama anayevusha bidhaa zisizozidi dola 2,000 kwa utaratibu uliorahisishwa, akiwa na cheti chake chepesi cha asili ya bidhaa, hausikii sana msukosuko huu. Anayeumia ni wakala, na nyuma yake mwenye lori.

Wengi wakiona skrini ya buluu hudhani ni virusi, au kwamba mashine imefika mwisho. Kumbe mara nyingine shida ni kadi ya picha, kile kifaa kinachochora kila kinachoonekana kwenye skrini. Katika kompyuta nyingi za ofisi kazi hiyo hufanywa na sehemu iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. Nyingine zina kadi ya pekee, iliyochomekwa kwenye ubao mkuu na yenye feni yake.

Tangu toleo la Vista, Windows huipa kadi ya picha sekunde mbili za kujibu. Ikikaa kimya, Windows hujaribu kuiamsha upya. Isipoamka, mashine hujizima kwa skrini ya buluu yenye maneno VIDEO_TDR_FAILURE au namba 0x116. Wakati mwingine hutajwa pia jina la faili: nvlddmkm.sys ni la kadi za Nvidia, igdkmd64.sys ni la Intel. Maneno hayo yapigwe picha kwa simu kabla ya kuwasha upya. Fundi anayeletewa picha hiyo ana pa kuanzia kuliko anayeambiwa tu kwamba mashine imekufa.

Skrini ikiganda au kuwa nyeusi katikati ya kazi, kuna jambo la kujaribu kabla ya kubonyeza kitufe cha kuzima. Katika Windows 10 na 11, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na herufi B. Skrini hupepesa mara moja na kadi huanza upya bila kufunga kilichokuwa kimefunguliwa. Si kila mara hufaulu, lakini ikifaulu tamko lililojazwa nusu linaokoka. Hapo hifadhi kazi, kisha nakili ankara, vyeti na orodha za mizigo kwenye flashi au barua pepe. Kadi mbovu yenyewe haili diski, ila kuzimwa kwa nguvu mara kwa mara huharibu mafaili.

Baada ya hapo ndipo ugonjwa utafutwe, na swali linalookoa pesa nyingi ni hili: mistari inaanza lini? Ikionekana tangu sekunde ya kwanza, kabla hata nembo ya Windows haijatokea, programu haina kosa. Hapo ni waya, skrini au kadi yenyewe. Badilisha waya, jaribu skrini ya jirani, kazi ya dakika tano. Ikiwa mashine inawaka vizuri na kuzima tu baada ya Windows kufunguka, iwashwe katika hali salama, ambapo Windows huweka kando draiva ya kadi na kutumia yake ya msingi. Ikitulia humo saa nzima, draiva ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Draiva ni programu inayoifundisha Windows kuzungumza na kadi, na Windows huweza kujipakulia draiva mpya usiku bila mwenye mashine kujua. Kama kuzima kulianza baada ya masasisho, fungua Device Manager, chagua kadi ya picha, na urudishe draiva ya awali kwa kitufe cha Roll Back Driver. Kitufe hicho kikiwa hakibonyezeki, ondoa draiva kabisa na upakue nyingine kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta au wa kadi. Zipo tovuti zinazoahidi kutengeneza draiva zote kwa mpigo. Hizo ziachwe.

Kama mashine inazima baada ya nusu saa ya kazi, na mchana zaidi kuliko asubuhi, hilo ni joto. Ofisi za mpakani zina vumbi la malori mchana kutwa, na feni ya kadi hulivuta mpaka mapezi yake yanazibwa kama kwa blanketi. Orodha ya kazi ya Windows, Task Manager, huonyesha nyuzi joto za kadi ya pekee. Ikipita 85 huku kazi ni kuandika tu, fungua kasha. Vumbi litolewe kwa brashi laini na kipulizio, feni ikiwa imeshikwa kwa kidole isizunguke kwa kasi. Kompresa ya fundi wa pancha haifai, maana upepo wake hubeba maji na mafuta. Grisi ya joto iliyo kati ya chipu na mapezi nayo hukauka kwa miaka, na kuibadilisha ni kazi ndogo kwa fundi anayeijua.

Kuna pia sababu inayotoka barabarani. Usafiri wa bodaboda, unaosemekana ulizaliwa katika mipaka hii kwa baiskeli zilizobeba watu kutoka boda hadi boda, leo hubeba kompyuta pia, na kadi nzito hulegea tunduni njiani. Zima umeme, chomoa waya, itoe kadi, safisha meno yake kwa kifutio cha penseli, irudishe mpaka ikae sawasawa. Ugavi wa umeme wa mashine uangaliwe pia. Kadi isiyo na waya wake hutegemea hadi wati 75 kutoka tunduni, mzigo usio mdogo kwa kifaa cha ugavi kilichochoka.

Ikiwa yote hayo hayajasaidia, suluhisho la bei rahisi kuliko yote ni lile mwenye duka la vipuri hatalitaja: toa kadi kabisa. Kuandika tamko la forodha, kutuma barua pepe na kuchapa ankara hakuhitaji kadi ya pekee. Kadi ikishatoka, waya wa skrini uchomekwe kwenye tundu la ubao mkuu, na kazi iendelee. Tahadhari ni moja: prosesa za Intel ambazo jina lake huishia na herufi F hazina sehemu ya picha ndani yake, na kadi ikitolewa skrini itabaki nyeusi.

Kwa kompyuta za mapajani mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa chipu imeunganishwa moja kwa moja na ubao. Hapo ndipo anapotokea fundi wa kuchoma, anayeipasha chipu kwa hewa ya moto mpaka picha irudi. Hurudi kweli, na mteja hulipa kwa furaha. Kisha wiki chache baadaye mistari iko palepale, kwa sababu moto umeyaunganisha kwa muda maungio yaliyopasuka bila kuyaponya. Si ubovu wa mafundi wa huku peke yao. Mwaka 2008 Nvidia ilitangaza kutenga karibu dola milioni 200 kwa ajili ya chipu zake za mapajani zilizokuwa zikifa kwa udhaifu wa kiwandani, na mwaka 2015 Apple ilifungua mpango wa kutengeneza bure baadhi ya MacBook Pro za 2011 hadi 2013 zilizokuwa na tatizo la picha. Anayenunua mtumba wa miaka hiyo aulize kwanza ubao wake uliwahi kuchomwa au la.

Anayeamua kununua kadi mpya naye awe macho. Zipo kadi zilizobandikwa jina jipya ilhali chipu ndani ni ya miaka mingi nyuma. Hufanya kazi dukani, kisha huanza kuzima siku draiva halisi inapowekwa. Programu ya bure ya GPU-Z husoma chipu yenyewe na nyingi za bandia huzitambua. Muuzaji anayekataa isiendeshwe mbele ya mteja ameshajibu swali.

Na kama fundi mzuri yuko ng'ambo ya mpaka, mashine isivushwe kimyakimya ndani ya begi. Kompyuta haitozwi ushuru wa forodha chini ya viwango vya pamoja vya Jumuiya, lakini kodi nyingine za nchi zinaweza kuulizwa, na mashine inayorudi haina mdomo wa kueleza kwamba ilikwenda kutengenezwa. Wakati wa kutoka, ionyeshwe kwa ofisa wa forodha, namba yake ya usajili wa kiwandani iandikwe, na karatasi hiyo itunzwe pamoja na risiti ya ununuzi. Namba hiyo huwa imebandikwa chini ya mashine, kwa herufi ndogo. Ni vyema ipigwe picha leo, mashine ikiwa bado inawaka.