Wauguzi Mezani: Funzo la Siku 150 Nchini Kenya

Jioni moja nilikuwa kambini nyumbani kwa dada yangu, tukingoja chai. Dada yangu ni muuguzi wa hospitali ya serikali; mumewe ni koplo wa jeshi. Redio ilikuwa imemaliza habari za wauguzi wa nchi jirani waliotishia kuacha kazi, na shemeji yangu akaweka kikombe chini.

“Mwalimu,” akaniambia, maana hata baada ya kuhamia kazi ya ofisini bado huniita hivyo, “nieleze jambo hili. Mimi navaa sare, na mke wangu anavaa sare. Mimi nakesha lindoni, yeye anakesha wodini. Mimi nilikula kiapo, naye alikula kiapo. Lakini nikikataa zamu kwa ajili ya mshahara, huo ni uasi, nami nitapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Yeye akikataa, anaitwa mezani kuzungumza. Haki iko wapi?”

Dada yangu alikuwa amevua viatu na kuinyoosha miguu yake iliyovimba kwa kusimama usiku kucha. Hakukasirika. Alisema tu, “Baba Watoto, hiyo meza unayoitaja hujaiona. Kuifikia ni safari.”

Ndugu msomaji, maneno hayo mawili, swali la koplo na jibu la muuguzi, yamenifanya nichukue kalamu. Katika nyumba nyingi za askari na polisi wetu, mama au dada ni muuguzi au mkunga. Yafaa basi jamaa zetu waelewe jinsi wauguzi wanavyojadiliana na mwajiri wao, na jinsi majadiliano hayo yanavyoweza kuharibika. Mfano ulio karibu nasi, tena wenye mafunzo mengi, ni ule wa Kenya wa mwaka 2017.

MKATABA WA PAMOJA NI KITU GANI?

Mtu mmoja akienda kwa mwajiri kuomba nyongeza, anaweza kuambiwa arudi kesho, na kesho hiyo isifike. Ndiyo sababu wafanyakazi huunda chama, na chama hicho hukaa na mwajiri kwa niaba ya wote. Yale wanayokubaliana huandikwa na kutiwa sahihi, nayo huitwa mkataba wa pamoja. Wazee wetu waliuita mkataba wa hali bora za kazi. Humo hutajwa mshahara, posho, saa za kazi, likizo, malipo ya zamu za usiku, kinga dhidi ya maradhi ya kuambukiza, na njia ya kupanda cheo.

Kwa muuguzi, mambo hayo si anasa. Idadi ya wagonjwa anaowahudumia mtu mmoja katika zamu moja ndiyo inayoamua kama dawa itatolewa kwa saa yake, na kama mama anayetokwa damu ataonekana mapema. Glavu zikikosekana, muuguzi hupeleka maradhi kwa mtoto wake mwenyewe.

Shirika la Kazi Duniani lililitambua jambo hili zamani. Mwaka 1977 lilipitisha Mkataba nambari 149 unaohusu wauguzi peke yao. Mkataba huo wasema kwamba masharti ya kazi ya wauguzi yapangwe, ikiwezekana, kwa majadiliano baina ya vyama vyao na waajiri. Na ugomvi ukitokea, umalizwe kwa mazungumzo, kwa usuluhishi, au kwa mwamuzi asiyependelea upande wowote. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizouridhia.

CHANZO CHA MGOGORO

Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 iliwapa wafanyakazi, kwa ibara ya 41, haki ya kujiunga na chama, haki ya chama kujadiliana na mwajiri, na haki ya kugoma. Wakati huohuo sheria ya mwaka 2007 ya mahusiano ya kazi ilikuwa imezitaja huduma za hospitali miongoni mwa huduma za lazima ambazo kuzikatiza kumewekewa vizuizi. Hapo pana mvutano ambao mpaka leo huwapeleka watu mahakamani.

Katiba hiyohiyo iligawa madaraka. Kuanzia mwaka 2013 hospitali nyingi za umma zilitoka mikononi mwa serikali kuu zikaingia mikononi mwa kaunti 47, kila moja na gavana wake na hazina yake. Muuguzi aliyekuwa na mwajiri mmoja akajikuta katika nchi yenye waajiri 47. Wengine walicheleweshewa mishahara, wengine vyeo vyao vikasimama, na mwenzao wa kaunti ya pili akapata asichokipata yeye kwa kazi ileile.

Juu ya hayo ipo Tume ya Mishahara na Marupurupu, ambayo Katiba imeipa kazi ya kuishauri serikali kuu na kaunti juu ya malipo ya watumishi wa umma. Kwa hiyo Chama cha Kitaifa cha Wauguzi wa Kenya, ambacho katibu mkuu wake wakati huo alikuwa Bwana Seth Panyako, kilipokwenda mezani kilikuta viti vingi: Wizara ya Afya, Baraza la Magavana, na nyuma yao Tume. Kila mmoja aliweza kusema kwamba sahihi ya mwisho si yake.

Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari na wauguzi wa hospitali za umma waliacha kazi pamoja. Madaktari walikuwa wakidai mkataba uliotiwa sahihi mwaka 2013 utekelezwe. Serikali nayo ilishikilia kwamba mkataba huo haukuwa umesajiliwa mahakamani. Huko Kenya mkataba wa pamoja hupata nguvu ya sheria unaposajiliwa, na kabla ya hapo ni karatasi yenye wino. Madaktari walikaa nje siku 100, hata Machi 2017. Wauguzi walirudi mapema, katikati ya Desemba, kwa ahadi kwamba mkataba wao utakamilishwa.

SIKU 150

Ahadi haikutimia. Tume iliukataa mkataba uliokuwa umejadiliwa, ikisema kwamba gharama yake, iliyokadiriwa kuwa karibu shilingi za Kenya bilioni 40, haiwezi kubebwa. Chama kikajibu kwamba hesabu hizo si sahihi. Magavana wakasema hawawezi kutia sahihi bila idhini ya Tume. Tarehe 5 Juni 2017 wauguzi wakatoka tena.

Mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi. Wakenya walipiga kura tarehe 8 Agosti, Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi wa rais, wakapiga tena tarehe 26 Oktoba. Masikio ya wakubwa yalikuwa kwenye kura. Wodi zilifungwa, na mgomo wa wauguzi ukawa habari ya ukurasa wa ndani.

Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Nyasi hapa zilikuwa mama wajawazito, watoto waliohitaji chanjo, na wazee wenye maradhi ya kudumu. Mwenye fedha alikwenda hospitali ya kulipia. Hospitali za misheni zilielemewa. Maskini alimrudisha mgonjwa nyumbani, au akamvusha mpaka: hata huku kwetu Uganda, vituo vya afya vya mpakani vilipokea wagonjwa kutoka upande wa pili. Mama wa Kenya akijifungulia mikononi mwa mkunga wa Uganda ni jambo la udugu. Lakini ni udugu uliokuja kwa sababu mlango wa kwao ulikuwa umefungwa.

Wala tusidhani kwamba wauguzi wenyewe walistarehe. Kaunti nyingi ziliwasimamishia mishahara. Muuguzi mwenye watoto shuleni alikaa mwezi wa pili, wa tatu, wa nne bila senti, akitembea katika mtaa ambamo jirani zake walimwuliza kwa nini ameacha watu wafe. Swali hilo ni zito kuliko njaa. Mtu aliyechagua kazi ya kuokoa maisha hafurahii kusimama nje ya lango la wodi.

Tarehe 2 Novemba 2017, baada ya siku 150, chama na Baraza la Magavana walitia sahihi mapatano ya kurudi kazini. Walikubaliana kwamba posho kadhaa, kama ile ya utumishi wa uuguzi na ile ya sare, ziongezwe kwa awamu, na kwamba asiwepo wa kuadhibiwa kwa kushiriki mgomo. Wengi walipumua.

Hata hivyo Februari 2019 wauguzi wa kaunti kadhaa walitoka tena, wakisema kwamba waliyoahidiwa mwaka 2017 hawajayapata. Mahakama iliusimamisha mgomo huo, na Rais Uhuru Kenyatta akawaamuru warudi kazini au wafutwe. Mkataba usiotengewa fedha katika bajeti huzaa mgogoro wa pili.

NA ASKARI JE?

Sasa nirudi kwa swali la shemeji yangu. Sheria za dunia na za nchi zetu zimelijibu kwa namna moja. Mkataba nambari 87 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1948, ambao unalinda uhuru wa kuunda vyama, uliacha kila nchi iamue yenyewe ni kwa kadiri gani haki hizo zitawafikia askari wa jeshi na polisi. Katiba ya Kenya, katika ibara ya 24, inaruhusu haki za kazi za wanajeshi na polisi zipunguzwe kwa sheria. Hapa Uganda, Katiba ya 1995 katika ibara ya 40 inampa mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujadiliana kwa pamoja, na kuacha kazi kwa kufuata sheria. Lakini Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya 2006 haiwahusu jeshi, polisi na magereza.

Sababu inaeleweka. Anayeshika silaha ya taifa hawezi kuitumia silaha hiyo, wala kuiweka chini, ili kudai posho. Historia yetu inayo kumbukumbu. Januari 1964, katika muda wa siku chache, askari waliasi Dar es Salaam, kisha Jinja, kisha Lanet nchini Kenya, na mishahara na vyeo vilikuwa miongoni mwa malalamiko yao. Serikali changa tatu zilitikisika, zikalazimika kuwaita askari wa Uingereza.

Lakini tusiishie hapo, maana hiyo ni nusu ya jibu. Ikiwa askari amenyimwa meza, basi mwenye kumwamuru amebeba deni la kuyasikiliza malalamiko yake kabla hayajawa manung’uniko ya usiku. Utii wa askari ni amana. Na mwenye kupewa amana huitunza. Muuguzi naye, ambaye amepewa meza, anadaiwa jambo lake: aitumie kwa uvumilivu, atoe taarifa mapema, na asiiache wodi ya mahututi bila mtu hata siku ya hasira.

MAFUNZO KWETU

Kutokana na mfano huu jamaa zetu waweza kuchukua mambo manne.

Kwanza, ajulikane nani mwenye kutia sahihi. Kujadiliana na mtu asiye na kauli ni kutwanga maji kinuni. Hapa kwetu ipo sheria ya mwaka 2008 iliyoweka vyombo vya majadiliano na usuluhishi katika utumishi wa umma. Vyombo hivyo vitumiwe kabla moto haujawaka.

Pili, mkataba usomwe wote, usajiliwe panapotakiwa, na utengewe fedha. Muuguzi aulize kiongozi wa chama chake, “Nakala iko wapi, na bajeti iko wapi?”

Tatu, nyumba ya muuguzi iweke akiba, hata kama ni ndogo. Mwajiri akisimamisha mshahara, mwenye akiba ya miezi miwili huamua kwa busara; asiye nayo huamua kwa njaa.

Nne, sisi tunaotibiwa tusiwe watazamaji. Tukimwona muuguzi mmoja akihangaika na wodi nzima, tuseme wakati huo, siyo siku lango linapofungwa. Mwenye haki ya kulalamika juu ya mgomo anao pia wajibu wa kulalamika juu ya yale yaliyouzaa.

Nilimweleza shemeji yangu haya yote mpaka chai ikapoa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akamtazama mkewe. “Kwa hiyo,” akasema, “wewe una meza ya kuzungumzia, lakini ukiinuka mezani mgonjwa anabaki peke yake. Mimi sina meza, na lindo langu haliachwi. Naona tumefungwa kamba moja, kila mtu na ncha yake.”

Dada yangu alicheka, akavaa viatu. Gari la zamu ya usiku lilikuwa limekwisha piga honi langoni.