Mtoto Ndani ya Mchezo: Suala la Hasara katika Riwaya ya Uhalisia Pepe

Katika bunilizi ya watoto, kuvuka kwenda dunia nyingine si jambo jipya. Fanani anapotamka "Paukwa!" na hadhira ikaitikia "Pakawa!", tayari pande zote mbili zimekubaliana kuhamia mahali penye sheria zake. Mwaka 1871 Lewis Carroll alimtembeza Alice juu ya ubao wa sataranji, akawa yeye mwenyewe kete. Riwaya iliyoitangulia hiyo, ya mwaka 1865, ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1940 kwa jina la *Elisi Katika Nchi ya Ajabu*; hivyo msomaji wetu alikwisha kuzoea karata zinazosema kabla hajaiona kompyuta.

Kompyuta, hata hivyo, imeleta tatizo la kisanaa ambalo shimo la sungura halikuwa nalo. Mchezaji akiuawa, hubonyeza kitufe akaanza upya. Nani basi ataogopa? Riwaya ya kimatukio huishi kwa hofu, na hofu haipo pasipo uwezekano wa kupoteza kitu. Riwaya nyingi za aina hii hulikwepa swali hilo kwa kudai tu kwamba mashine imeharibika na mtoto hawezi kutoka. Kwa maoni yangu, hiyo ni njia ya mkato.

Conor Kostick, katika *Epic* (2004) iliyotolewa Dublin, alipata jawabu bora zaidi. Amebuni jamii iliyopiga marufuku vurugu za kila aina. Migogoro yote, pamoja na ugawaji wa mali, huamuliwa ndani ya mchezo mmoja. Sarafu anazokusanya mtu humo ndizo zitakazomwezesha kupata mahitaji yake nje. Mhusika aliyejengwa kwa miaka akifa, jasho la miaka hiyo limekwenda naye, na familia nzima huonja hasara hiyo. Kijana Erik, kwa hasira na ukaidi, anaunda mhusika wa kike, Cindella, na kumwekea alama zote katika uzuri, sifa ambayo wenzake huiona ni upuuzi. Kumbe wahusika wanaoendeshwa na mashine yenyewe wanavutiwa naye, wanamfungulia milango iliyofungwa kwa wapiganaji. Hapa mchezo ni siasa: wachache wenye silaha bora ndio wanaogawa riziki, kisha wanauita utaratibu huo haki.

Terry Pratchett alikuwa amelielekea swali hilo kutoka upande wa pili katika *Only You Can Save Mankind* (1992). Johnny, mvulana wa Kiingereza, anacheza mchezo wa kutungua vyombo vya angani, mara adui anaomba kusalimu amri. Johnny akiuawa humo huamka kitandani mwake tu. Wanaokufa kweli ni wale adui. Wakati huohuo televisheni ya nyumbani kwao inaonyesha vita vya Ghuba vya mwaka 1991, navyo vinafanana mno na mchezo. Pratchett hakuhitaji kumhatarisha mtoto. Alihatarisha dhamiri yake.

Je, mwandishi wa Kiswahili angeanzia wapi? Istilahi haimzuii. Neno "pepe", tulilolizoea katika "barua pepe", linabeba "uhalisia pepe" bila taabu, na ujirani wake wa sauti na "pepo" ni zawadi kwa msanii. Ninapendekeza aanzie kwenye bao. Katika sataranji kete iliyoliwa hutolewa nje. Katika bao la Kiswahili kete zilizoliwa hazitoki mchezoni: aliyezila huzisambaza katika mashimo ya upande wake, na baadaye huzitumia kumla yuleyule aliyekuwa mwenyewe. Mhusika mtoto atakayeliwa katika mchezo wa namna hiyo hafi, wala haamki kitandani. Atajikuta ng'ambo ya pili, mkononi mwa adui, anatumwa dhidi ya nduguze.