Kurudi Kwenye Njia Panda

Katika michezo ya kompyuta ambayo vijana wetu huiita gemu, mna aina moja ambayo shabaha yake si kufunga mabao wala kushindana kwa magari, bali ni kuvaa nafsi ya mtu mwingine na kuishi katika ulimwengu wake: mchezaji hupewa jina, silaha, maswahiba na safari, na kila afikapo penye shauri zito huachiwa hiari ya kusema kweli au uwongo, kusamehe au kulipiza kisasi, na hadithi hugeuka kwa kadiri ya hiari yake. Kwa kuwa matawi ya hadithi ni mengi na safari moja haiwezi kuyapita yote, imezuka ada ya kuumaliza mchezo na kuuanza upya, na aliyekuwa mwema mara ya kwanza akawa dhalimu mara ya pili, ili ajue kilichokuwa nyuma ya mlango ambao hakuufungua.

Asili ya michezo yenye kupima murua si ya jana. Mwaka 1985 Richard Garriott alitoa huko Marekani mchezo wa Ultima IV, ambao haukumtaka mchezaji amuue adui mkuu yeyote, bali ulimtaka awe mfano wa fadhila nane, miongoni mwake uaminifu, huruma, haki na unyenyekevu. Mlikuwamo wauzaji vipofu wa vifaa vya uganga, kama kitunguu saumu, utando wa buibui na lulu nyeusi, ambao walitaja bei, kisha wakamwachia mnunuzi ahesabu fedha mwenyewe. Aliyetaka kuwapunja aliwapunja, akaenda zake na mzigo mzima kwa sarafu chache, wala hakutokea askari wa kumkamata. Lakini mchezo ulikuwa umeandika, na fadhila yake ya uaminifu ilikuwa imepungua bila ya yeye kuambiwa.

Hata hivyo michezo hii ina upenyo mmoja mkubwa, nao ni uwezo wa kuhifadhi mahali ulipofika na kuparudia utakapo. Mtu huiba, huona matokeo hayakumpendeza, hurudi nyuma dakika tano, akatubu toba isiyomgharimu kitu. Watunzi wa CD Projekt Red wa Poland, waliojenga michezo yao juu ya hadithi za Andrzej Sapkowski, waliliona jambo hili wakalitafutia dawa, nayo ni kuyachelewesha matokeo. Katika The Witcher 3, wa mwaka 2015, Geralt, mwindaji wa mazimwi kwa ujira, hukuta katika nchi ya kinamasi roho iliyofungwa ndani ya mti, nayo humwahidi kwamba akiifungua itawaokoa mayatima wanaokusudiwa kuliwa na wachawi watatu. Akiifungua, watoto huokoka kweli, lakini kijiji cha jirani huangamizwa, na mke wa mtawala wa sehemu ile hulaaniwa na wachawi akafa, na mumewe akajinyonga. Akiiua, mwanamke yule huishi, ingawa akili zimemruka, na mumewe humchukua kwenda kumtafutia mganga milimani. Ila mayatima hawaonekani tena. Haya yote humfikia mchezaji baada ya saa nyingi, akiwa amekwisha kufanya mengine mengi, hata kurudi nyuma kukawa ni kuitupa kazi yote ya katikati. Kwa maoni yangu huo ni ufundi wa hali ya juu, kwa sababu hauna hotuba ndani yake.

Undertale, uliotoka mwaka huohuo wa 2015, na ambao sehemu kubwa ya kazi yake ilifanywa na mtu mmoja, Toby Fox wa Marekani, umekwenda mbali zaidi, kwani umemshitaki mwenye kurudi. Mtoto huanguka chini ya mlima akajikuta miongoni mwa mazimwi waliofungiwa huko na wanadamu baada ya vita, na kila zimwi anayemkabili, mtoto huyo aweza kumuua, au kusema naye mpaka ugomvi ukaisha. Toriel, mama mwenye sura ya mbuzi, humpokea, humpa chumba na kumpikia pai ya mdalasini. Kisha mtoto akitaka kwenda zake, mama huyo humzuia mlangoni, na wachezaji wengi, kwa kutojua namna ya kumridhisha, humpiga hadi akafa. Wakiisha kujuta huanza tena, wakamwachia uhai, wakatoka wakijiona wasafi. Hapo ua moja liitwalo Flowey huwatokea, likawaambia kuwa linajua: walimuua, kisha wakarudi kwa majuto.

Afuataye njia ya maangamizi, yaani ya kumuua kila zimwi, hatimaye husikia kwa Flowey kisa chake. Lilikuwa nalo na uwezo uleule wa kurudisha nyakati, likautumia kwanza kwa wema, likawasuluhisha wote na kuwafurahisha wote, mpaka likawachoka. Ndipo likaanza kuua, si kwa chuki, bali kwa kutaka kuona kitakachotokea. Hata wapendao kutazama wenzao wakiua, wao wasiitie mikono yao, huguswa na ulimi wake. Na mwenye kuifuata njia ile mpaka mwisho, akaurudia ulimwengu alioufuta, huurudishiwa kwa thamani ya roho yake, na tangu siku hiyo hata mwisho wa furaha humfikia umetiwa dosari.

Lakini wengi hawafiki huko. Mmoja wa waliokuwa watengenezaji wa Mass Effect, mchezo mwingine wa aina hii, alieleza mwaka 2020 kwamba kama asilimia 92 ya wachezaji walishika njia ya wema, ijapokuwa watunzi walikuwa wameifanyia njia ya ukali kazi kubwa.

Basi wewe unayetaka kuujaribu mmojawapo wa michezo hii, safari ya kwanza icheze kwa dhamiri yako mwenyewe, usirudi nyuma hata ukijuta, wala usitafute kwa wenzako habari ya mwisho. Ya pili fanya upendavyo, ukijua kwamba katika Undertale kuna kinachokuhesabia.