Kazi, Baba na Mama: Jamaa za Wafanyakazi wa Migodi ya Katanga

Katika Kiswahili cha Lubumbashi, neno «kazi» mara nyingi hubeba maana finyu kuliko ile ya kamusi, yaani ajira ya mshahara, hasa ya kampuni. Alimaye shamba lake au auzaye samaki sokoni aweza kusema kwamba hana kazi. Maana hiyo ilizaliwa na historia ya viwanda.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli ilifika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na shaba ikaanza kuyeyushwa huko mwaka 1911. Hapo mwanzo wachimbaji waliajiriwa kwa miezi michache, nao waliwaacha wake zao vijijini. Vifo na utoro vilikuwa vingi. Basi, mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ilianza kutoa mikataba ya miaka 3 na kumhimiza mfanyakazi aishi kambini pamoja na mke na watoto.

Kampuni ikatoa nyumba, matibabu, shule, na posho iliyopimwa kwa idadi ya watu wa nyumbani. Malezi ambayo kijijini yalikuwa mikononi mwa ukoo yakahamia kwa mwajiri. Mke, aliyekuwa na shamba na ghala lake, akawa mtu wa kungojea posho ya mumewe. Mtoto wa kiume alitayarishwa kurithi kazi ya baba. Binti alifundishwa kushona na kutunza nyumba. Ndipo watu wakasema kwamba kazi ndiyo baba, ndiyo mama. Lakini mzazi huyo alidai utii: Desemba 1941, wagomaji walipigwa risasi na askari mjini Élisabethville.

Baada ya mali za kampuni kutaifishwa mwaka 1967, Gécamines ilirithi utaratibu huo. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, uzalishaji ukaanguka, na mishahara ikacheleweshwa kwa miezi mingi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari.

Katika miaka hiyo, nyumba nyingi zililishwa na akina mama kwa kilimo, biashara ndogo na uuzaji wa makala. Hata hivyo, kwa maana ile ya zamani, mama aliyelisha nyumba hakuhesabiwa kuwa na kazi, na baba asiyelipwa aliendelea kuitwa mfanyakazi. Achunguzaye mabadiliko ya jamaa za Katanga hana budi kusikiliza pia jinsi neno hilo linavyotumika nyumbani.